Masharubu ya Manjano

Alhamisi ya kwanza ya Septemba, saa moja na nusu asubuhi. Nyuki mmoja alikuwa amelala juu ya shada la maua ya manjano nyuma ya kituo cha zimamoto, miguu yake sita imelikumbatia shada, mgongo umejaa umande. Verna Teachout alimgusa mgongoni kwa ncha ya kidole. Nyuki akainua mguu mmoja wa kati, polepole, kama mtu anayesukuma mkono wa mwenzake kitandani, kisha akaushusha na kuendelea kulala.

Alikuwa wa wale nyuki wanene wenye manyoya ambao katika vilima vile hawakosekani mahali: bustanini, kando ya barabara, makaburini, hata kwenye masanduku ya maua mbele ya benki. Mabega ya manjano yenye doa dogo jeusi la kipara katikati. Pingili ya kwanza ya tumbo ya manjano, zilizobaki nyeusi tii. Uso wake nao ulikuwa wa manjano, manyoya yametokeza juu ya mdomo kama masharubu, na hayo masharubu ndiyo yaliyompa Verna ujasiri wa kumgusa. Jike wa aina ile ana uso mweusi. Mwenye masharubu ya manjano ni dume, na dume hana mwiba. Anaweza kukasirika kadiri apendavyo. Hana cha kukuchoma nacho.

Verna alimchukua kiganjani.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Kabla ya kustaafu alifanya kazi katika maabara ya hospitali ya mjini, akitazama damu za watu kwa darubini, na majirani walisema mpaka leo anaongea kama majibu ya vipimo. Mwezi wa Mei alikuwa amemwona malkia mmoja akiingia chini ya rundo la mbao kuukuu nyuma ya kituo, mahali panya walipolala majira ya baridi na kuacha kitanda chao cha nyasi na sufi. Malkia alihamia bila kumuuliza mtu. Kufikia Septemba kulikuwa na mamia ya watoto wake, madume wameshafukuzwa nyumbani na wanalala nje kwenye maua, na malkia wapya walikuwa wameanza kutoka. Hao wapya ndio pekee ambao wangeuona mwaka mwingine. Wengine wote, pamoja na mama yao, wangekufa kwa baridi. Lakini malkia, anayelala ardhini majira yote ya baridi, hawezi kuyapita na njaa. Lazima anenepe kwanza, na mwezi ule chakula kilichobaki karibu na rundo la mbao kilikuwa ule ukanda wa maua ya manjano, kutoka ukutani mwa kituo hadi kwenye uzio wa bustani ya Verna.

Hayo aliweza kumwambia yeyote aliyeuliza. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba katika maabara kila sampuli aliyoishika ilitupwa jioni ya siku ile ile, naye hakuwahi kujua mwisho wa hata moja. Mwisho wa nyumba hii ya nyuki alitaka kuujua.

Trekta ya kukatia nyasi ilisikika kabla ya kuonekana. Ikakata kona ya kituo ikiwa imembeba Rollie Teachout, kofia imegeuzwa nyuma, kikombe cha kahawa kimebanwa mapajani. Rollie alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Verna, dereva wa gari la zimamoto na msimamizi wa majiko ya kuku kila mwaka kikosi kilipofanya karamu yake ya kuchangisha. Ndiye aliyewahi kuweka kambale hai ndani ya tangi la maji la gari lile, siku ya ukaguzi.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Toka kwenye hayo magugu nisije nikakukata na wewe!"

"Zima hilo dude kwanza."

"Nini?"

"Zima!"

Akazima. "Umeshika nini?"

"Nyuki."

Rollie aliinua miguu yote miwili na kuiweka juu ya usukani, ingawa nyuki alikuwa mbali naye na bado amelala.

"Mtupe huyo! Umesahau mwaka jana? Mmoja wao alinipiga shingoni nikamwaga wavu mzima wa kuku!"

Verna hakusahau. Hakuna aliyesahau. Kuku walikwenda majivuni mbele ya foleni ya watu, na mbwa wa mchungaji alikula mpaka akabebwa kurudishwa nyumbani.

"Aliyekuuma wewe ni nyigu," Verna alisema. "Nyigu ndiye anayefuata nyama na soda. Hawa hawali kuku."

"Nilimwona kwa macho yangu! Mnene, manyoya tele!"

"Alikuuma wapi?"

"Si nimekwambia? Nyuma ya shingo."

"Na macho yako yako wapi?"

Rollie akapiga funda la kahawa. "Nilimwona akiondoka."

"Huwezi kukata hapa, Rollie. Malkia bado wanakula."

"Malkia! Mimi nina meza kumi na mbili za kupanga Jumamosi, na kivuli kiko hapa. Waambie malkia wanunue tiketi kama watu wengine."

"Mnagombana nini saa hizi?" Sauti ilitoka mlangoni mwa kituo. Colleen Dubrava, mkuu wa kikosi, alikuwa amesimama na kipande cha mkate mdomoni na viatu vyake vya kazi mkononi. Alikuwa fundi umeme mwenye watoto mapacha, na hakupenda jambo lolote lichukue zaidi ya dakika tano. Wenzake walimwita afande kwa utani mpaka utani ukachakaa na jina likabaki.

"Afande, mwambie shemeji atoke kwenye njia ya trekta," Rollie alisema.

"Afande, mwambie atoe trekta kwenye njia ya nyuki," Verna alisema.

Colleen alivaa kiatu kimoja. "Verna, mama yangu, nakuheshimu. Lakini Jumamosi hapa watakuwepo watu mia tatu. Mwaka jana mtoto wa Pulaski alivimba mkono, na mama yake alinifokea mpaka Krismasi."

"Huyo naye aliumwa na nyigu. Kwenye pipa la takataka."

"Unaona?" Rollie alimwambia Colleen. "Kila anayeuma ni nyigu. Hawa wa kwake ni malaika."

"Sikusema malaika. Majike wanauma. Ukimbana anauma, ukikalia nyumba yake anauma. Ukimwacha na ua lake hana habari na wewe. Dume hawezi kuuma hata umtukanie mama yake."

"Na mtu wa kawaida atajuaje yupi dume, yupi jike, na yupi hata si nyuki wako?" Colleen aliuliza.

"Kwa kuangalia."

"Kwa kuangalia," Rollie alirudia, akimtazama Colleen kwa huruma.

Colleen alivaa kiatu cha pili, akafunga kamba, akanyanyuka. Dakika tano zilikuwa zinakaribia kwisha.

"Sawa. Nikijua kuna mtu hapa anayewatambua bila kubahatisha, nitamkalisha karibu na huu ukanda siku nzima, nifunge kamba pembeni, na roho yangu itulie. Kwa hiyo Jumamosi, kabla hatujaanza kuuza, Rollie atakuletea wadudu wanne aliowakamata humu humu. Wewe utasema kila mmoja ni nini, na kama anauma. Ukiwapatia wote, hapa hapakatwi mpaka theluji ianguke. Ukikosea mmoja, trekta inawaka pale pale."

"Atasema wote wanauma," Rollie alisema. "Nani atabisha?"

"Akisema haumi, anamshika mkononi. Akisema anauma, na wewe ukabisha, unamshika wewe."

"Mimi?"

"Anayebisha anashika. Hiyo ni haki kabisa."

Rollie alitafakari haki hiyo. Kisha uso wake ukachanua kwa namna ambayo Verna aliifahamu tangu siku ya kambale.

"Nakubali," alisema. Akawasha trekta, akairudisha nyuma mpaka ndani ya banda.

Siku ya Ijumaa, alasiri, Verna alimkuta Rollie ndani ya bustani yake, ameinama katikati ya maboga.

"Namtafuta paka wangu," Rollie alisema.

Verna alimtazama akiondoka. Rollie hakuwa na paka. Hilo lilikuwa la hakika. Zaidi ya hapo Verna hakuwa na data, kwa hiyo hakuwa na hitimisho.

Jumamosi saa nne asubuhi moshi ulikuwa umeshatanda juu ya maegesho. Nusu kuku zilikuwa zimepangwa kwenye nyavu za chuma juu ya mashimo ya makaa, na vijana wawili wa kikosi walikuwa wakizinyunyizia mchuzi wa siki na mayai. Mahindi yalikuwa yanachemka. Foleni ya walaji ilikuwa imeshajipanga mbele ya meza ya tiketi, lakini habari za shindano zilipoifikia ilivunjika na kuhamia nyuma ya kituo, watu wakiwa wameshika sahani za karatasi tupu. Trekta ilisimama mwanzoni mwa ukanda, ufunguo ndani yake. Juu ya kiti chake mtu alikuwa ameweka shada la maua ya plastiki, kama kwenye jeneza.

Rollie alileta sanduku la barafu la kuhifadhia soda na kulitua mezani kwa heshima kubwa. Ndani mlikuwa na chupa nne za plastiki angavu.

"Nimewapoza kama unavyofanya wewe, shemeji. Dakika ishirini barafuni. Usiseme sikukutendea haki."

Njia ilikuwa ya Verna mwenyewe. Nyuki aliyepozwa hafi. Anakaa tu kimya kwa dakika chache, miguu imekunjwa, unamtazama kila upande, kisha joto likimrudia anaamka na kwenda zake. Karatasi yenye maelezo hayo, pamoja na picha ya uso mweusi na uso wa manjano, Verna aliibandika kwenye ubao wa kituo tangu Juni. Alidhani hakuna aliyeisoma.

Chupa ya kwanza. Verna aliimimina juu ya kitambaa cheupe, akavuta miwani puani.

"Huyu si wa kwangu kabisa. Tazama tumbo. Halina manyoya, linang'aa kama kiatu cha harusi. Huyu ndiye anayetoboa mbao za baraza lako, Rollie. Ni jike, na anauma, lakini ni mvivu wa kuuma."

"Unabisha?" Colleen alimuuliza Rollie.

"Namjua huyu. Baraza langu limekwisha kwa sababu yake."

Chupa ya pili ilimchukua Verna muda mfupi zaidi.

"Umenikamatia nzi."

Watu waliangua kicheko.

"Nzi gani ana manyoya hivyo?" Rollie alipinga. "Tazama rangi! Manjano, nyeusi, kila kitu!"

"Mabawa mawili tu, nyuki ana manne. Vipapasio vifupi kama kope. Amevaa nguo za nyuki ili ndege wamwogope, na inaonekana si ndege peke yao waliodanganyika. Uliogopa wakati wa kumkamata?"

"Nilivaa glovu," Rollie alisema.

"Alivaa glovu za kuzimia moto!" kijana mmoja wa kikosi alipiga kelele. "Na kofia ya chuma! Nilimwona!"

"Nyamaza wewe, geuza kuku."

Chupa ya tatu ilikuwa na nyuki mnene mwenye mabega ya manjano, doa la kipara, pingili moja ya manjano, na masharubu. Verna alisema ni dume, akamweka kiganjani, akafunga vidole kumzunguka. Baada ya muda nyuki alipata joto akaanza kuvuma ndani ya ngumi, na mama mmoja kwenye umati akaziba macho. Verna aliifungua ngumi. Nyuki alitembea mpaka kwenye ncha ya kidole gumba, akanyoosha mabawa, akaruka. Umati ukapiga makofi kwenye sahani za karatasi.

"Amebaki mmoja, mama," Colleen alisema. Alikuwa ameshaanza kutazama kamba aliyoileta ya kufungia.

Rollie alikuwa akitazama mawingu, na siku ile hapakuwa na mawingu.

Verna alimimina chupa ya nne. Mabega ya manjano. Doa la kipara. Pingili moja ya manjano, zilizobaki nyeusi. Uso wa manjano. Mkono wake ulikuwa umeshafunguka na neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Hakulitoa. Katika maabara makosa mengi aliyoyashuhudia yalitokea kwenye sampuli iliyofuata zile zilizokwenda vizuri. Akaanza upya, kutoka nyuma.

Mguu wa nyuma ulikuwa mpana, bapa, laini, unang'aa, na nywele ndefu pembeni tu: kikapu cha kubebea chavua. Dume hana kikapu, kwa sababu dume habebi chakula kwenda kokote. Alirudi usoni. Manjano yale hayakuwa ya manyoya. Yalikuwa na wekundu wa machungwa, tena yalikuwa punje, kubwa kubwa, zimegandana kwa mafuta kati ya macho. Chavua ya maboga. Hakuna chavua nyingine mtaani pale yenye punje za kuonekana bila darubini. Nyuki anayeingia kwenye ua la boga hutoka amejipaka mwili mzima. Huyu alikuwa na chavua usoni peke yake, imepakwa vizuri, na mpaka wake umenyooka kama nyusi zilizotindwa.

Akainua macho. Kwenye kucha ya kidole gumba cha kulia cha Rollie palikuwa na rangi ile ile.

Verna angeweza kusema jike, akamaliza. Badala yake alimchukua nyuki yule kwa upole, akamlaza kiganjani mwake wazi, bila kumbana, na kunyamaza. Nyuki alikuwa bado wa baridi kama kokwa la tunda. Verna alikuwa na dakika mbili, pengine tatu, kabla hajaamka.

"Hujasema," Colleen alimkumbusha.

"Nasikiliza kwanza maoni ya wengine. Rollie, wewe ndiye uliyemkamata. Huyu ni nini?"

Rollie alishuka kutoka mawinguni. Alikuwa amejiandaa kumwona shemeji yake akiumbuka, si kuulizwa maswali.

"Mimi? Dume, si unaona? Sura ya manjano. Umetufundisha mwenyewe, hata karatasi iko ukutani."

"Kwa hiyo uliisoma."

"Neno kwa neno."

"Na una hakika ni dume."

"Asilimia mia moja!" Rollie aliugeukia umati. "Mnaona masharubu hayo? Marehemu kaka yangu hakuwa na masharubu kama hayo!"

"Hawezi kuuma?"

"Hana mwiba, shemeji. Angekuwa na mwiba ungekuwa umemshika hivyo?"

"Vizuri." Verna aliinua sauti kidogo ili hata waliokuwa nyuma wasikie. "Mimi nasema huyu ni jike, ni mfanyakazi, na anauma. Bwana Teachout hapa anasema ni dume. Yaani ananibishia."

Kijana aliyeambiwa ageuze kuku alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Anayebisha anashika!"

"Anayebisha anashika," Colleen alisema.

"Ngoja, ngoja kidogo," Rollie alisema.

"Shika! Shika! Shika!" Sahani za karatasi zilipigwa kwa mdundo mmoja.

Verna alinyoosha mkono. Kiganjani mwake nyuki alikunjua miguu. Tumbo lilianza kupanda na kushuka haraka haraka; alikuwa anajipasha moto.

"Mikono yangu ina siki," Rollie alisema, akirudi nyuma. "Siki itamdhuru. Mimi nawapenda wanyama."

"Nawa," Colleen alisema. "Maji yako nyuma yako. Una gari zima la maji."

"Shemeji, mbona unanifanyia hivi mbele za watu?"

"Dume hana mwiba, Rollie. Asilimia mia moja."

Nyuki aliinua mguu mmoja wa kati, juu kabisa, kumwelekea Rollie. Verna aliujua mguu ule. Kwa jike hilo huwa ndilo onyo la kwanza, na mara nyingi hakuna la pili. Hakutikisa mkono. Alisogea hatua moja zaidi. Rollie alirudi nyuma, akagonga trekta, akakalia maua ya plastiki.

"Ni jike!" alipiga kelele. "Jike, jike! Nimempaka mimi! Kwa brashi ya rangi ya mjukuu wangu! Mtoeni hapa!"

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Mama Pulaski, yule yule wa mwaka jana, alicheka mpaka akaketi chini. Colleen alifuta machozi kwa kiwiko, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa trekta.

"Basi. Amekiri."

"Subiri," Verna alisema. "Kukiri kwa Rollie si ushahidi. Huyu aliwahi kuapa mbele ya mkaguzi kwamba yule kambale alipanda mwenyewe."

"Shemeji! Nimekwambia ukweli!"

"Inawezekana. Subirini."

Watu wakasubiri, na foleni nzima ikakunja shingo kuelekea kiganja cha mwanamke mmoja. Nyuki aliushusha mguu. Kisha, kama mtu anayeamka na kukuta amelala na unga usoni, alileta miguu ya mbele juu ya kichwa na kuanza kujifuta. Alijifuta kutoka vipapasioni kuja chini, upande wa kushoto, upande wa kulia, akarudia. Punje za machungwa zilidondoka kwenye mistari ya kiganja. Masharubu yaliondoka upande mmoja kwanza, kwa hiyo kwa muda mfupi alikuwa dume kushoto na jike kulia, na kijana wa kuku akasema apigwe picha hivyo hivyo. Mwishowe uso wote ulibaki mweusi.

Verna aliuzungusha mkono mbele ya Colleen, kisha mbele ya watu wa safu ya kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja aone. Nyuki aliruka. Aliuzunguka umati mara moja kwa chini, akaiacha harufu ya kuku bila hata kupunguza mwendo, akaenda moja kwa moja kwenye rundo la mbao, akaingia chini ya ubao wa tatu.

"Dume harudi nyumbani," Verna alisema. "Sasa ni ushahidi."

Colleen alichomoa ufunguo wa trekta na kuutia mfukoni. Kisha alimpa Rollie kamba.

"Funga wewe. Kutoka ukutani mpaka kwenye uzio. Na meza zako kumi na mbili zihamishie juani."

"Na kuku wangu?"

Wote waligeuka kutazama majiko. Wale vijana wawili walikuwa wamekuja kutazama shindano tangu chupa ya pili. Wavu wa kwanza ulikuwa umeungua upande wa chini, na Rollie alikimbia kuelekea moshini huku kamba inamburuta nyuma kama mkia.

Karamu ilikwenda mpaka saa tisa. Verna alikaa kwenye kiti cha kukunja pembeni mwa kamba, na kila aliyepita na sahani alisimama kuuliza yupi ni yupi. Mtu mmoja aliumwa: mchungaji, mdomoni, na mdudu aliyekuwa ndani ya kopo lake la soda. Verna aliomba kopo, akamtikisa mdudu akatoka, akamwonyesha Rollie. Kiuno chembamba, hana manyoya. Rollie alimtazama kwa muda mrefu.

"Sawa," alisema. "Sawa, sawa. Usiniangalie hivyo."

Maua yaliendelea kuchanua kwa wiki tano nyingine. Wafanyakazi walipungua, kisha madume, na asubuhi moja ya Oktoba jani la kila boga lilikuwa limekuwa jeusi kwa baridi. Siku nne baada ya hapo jua lilirudi kwa mchana mmoja, na simu ya Verna ikalia.

"Shemeji, njoo kituoni. Kuna mmoja huku, mkubwa kama dole gumba langu, anachimba nyuma ya tangi la gesi."

"Rollie, kama umempaka kitu…"

"Sijamgusa! Njoo na miwani yako."

Verna alikwenda. Rollie alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, kidevu kimeegemea ngumi, kofia ya chuma kichwani. Mbele yake, kwenye udongo tifutifu wa upande ambao haupigwi na jua, malkia alikuwa ameshaingia nusu. Mabega ya manjano, doa la kipara, pingili moja ya manjano. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza.

"Ameshiba?" Rollie aliuliza.

"Ameshiba."

"Uso wake sijauona. Ameutia chini tayari."

"Tazama mguu wa nyuma."

Rollie alisogea kidogo, si sana. "Bapa," alisema. "Unang'aa."

Malkia aliendelea kuchimba. Udongo ulirushwa nyuma kidogo kidogo, ukaanguka kwenye ukingo wa kofia ya Rollie, naye hakuupangusa. Miguu ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana. Baada ya hapo juu ya shimo ulibaki mchanga kidogo uliokuwa ukitikisika kila mara alipousukuma kutoka chini. Saa tisa na robo ukaacha kutikisika.